Mauzo ya katalogi majumbani: Namna ya kuongeza oda na kulinda mtaji mzigo unapovuka mpaka

Biashara ya kuuza bidhaa kwa katalogi nyumbani kwa mtu ni miongoni mwa biashara zinazoanzishwa kwa mtaji mdogo katika miji ya mipakani kama Namanga, Taveta, Busia, Sirari na Mutukula. Muuzaji hahitaji fremu ya duka wala ghala. Anahitaji katalogi, sampuli chache, mwenyeji wa kumkaribisha na wageni wa kuwaonyesha bidhaa. Oda zikishakusanywa ndipo mzigo unapoagizwa, mara nyingi kutoka nchi jirani, na msafirishaji anapoingia kazini.

Pamoja na unafuu huo, wengi wanaoianza huiacha baada ya miezi michache. Sababu zinazotajwa mara kwa mara ni tatu: oda ni chache kuliko gharama za kuandaa hafla, wateja wanakopa na hawalipi, na mzigo unakwama mpakani hadi wateja wanakata tamaa. Makala haya yanaeleza namna biashara hii inavyofanya kazi, mahali faida inapopotelea na hatua ambazo muuzaji na msafirishaji wanaweza kuchukua ili oda ziongezeke na mzigo ufike kwa wakati.

Ilikotoka

Uuzaji wa moja kwa moja kwa mteja si jambo geni. Nchini Marekani, kampuni iliyokuja kujulikana kama Avon ilianzishwa mwaka 1886 na David McConnell, aliyekuwa muuzaji wa vitabu nyumba kwa nyumba. Alikuwa akigawa manukato kama zawadi, akabaini kuwa wateja wanayapenda manukato kuliko vitabu. Akageuza zawadi kuwa bidhaa, na akawatumia wanawake kuwauzia majirani zao.

Hafla ya nyumbani kama inavyojulikana leo ilipata umaarufu kupitia vyombo vya plastiki vya Tupperware. Vyombo hivyo, vilivyobuniwa na Earl Tupper katika miaka ya 1940, havikutoka vizuri madukani. Tatizo halikuwa ubora. Mfuniko wake ulikuwa wa aina mpya, na mnunuzi hakujua namna ya kuufunga ili hewa isiingie. Muuzaji mmoja, Brownie Wise, alikuwa akiwakusanya wanawake nyumbani na kuwaonyesha namna ya kuutumia, na mauzo yake yakawa makubwa. Mwaka 1951 kampuni ilimwajiri kusimamia mauzo ya majumbani na kuviondoa vyombo hivyo madukani. Mwaka 1954 Wise akawa mwanamke wa kwanza kuwekwa kwenye jalada la jarida la Business Week.

Historia hiyo ina funzo kwa muuzaji wa leo. Hafla ya nyumbani inafaa zaidi kwa bidhaa ambayo mteja akionyeshwa namna inavyofanya kazi, anashawishika. Sufuria isiyoshika chakula, hotpoti inayotunza joto, shuka ambalo rangi yake haichuji, mafuta ya kujipaka ambayo mtu anataka kuyanusa kwanza: hizi ni bidhaa za hafla. Sabuni ya mche au kiberiti ambacho kila mtu anakipata kwa mangi wa jirani hakihitaji kuandaliwa hafla.

Ikumbukwe pia kwamba ukubwa wa jina si kinga. Mwezi Agosti 2024 Avon Products iliomba kinga ya mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake, na Septemba mwaka huo huo Tupperware ikafanya hivyo hivyo baada ya kulemewa na madeni. Muuzaji anayetegemea kampuni moja pekee anapaswa kujua kuwa siku kampuni hiyo ikitetereka, naye anatetereka.

Hesabu ya hafla moja

Wauzaji wengi hupima hafla kwa kuangalia jumla ya fedha zilizoandikwa kwenye fomu za oda. Kipimo hicho hakitoshi. Mauzo ya hafla yanajengwa na mambo manne: idadi ya wageni waliofika, wangapi kati yao walionunua, wastani wa thamani ya kila oda, na oda za watu ambao hawakufika lakini walioiona katalogi.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa Moshi anayepata kamisheni ya asilimia 25 ya bei ya kuuzia. Amealika watu 20, wamefika 10, wamenunua 6, na kila mmoja ameagiza bidhaa za wastani wa Sh 25,000 za Tanzania. Mauzo ni Sh 150,000 na kamisheni yake ni Sh 37,500. Akitoa gharama ya katalogi na sampuli Sh 8,000, nauli Sh 7,000 na zawadi ya mwenyeji Sh 10,000, anabakiwa na Sh 12,500.

Sasa tuchukue hafla ya pili ya muuzaji huyo huyo. Wamefika 12, wamenunua 8, na wastani wa oda umekuwa Sh 30,000. Hiyo ni Sh 240,000. Mwenyeji naye alipitisha katalogi kazini kwake kabla ya siku hiyo na kupata oda 4 za Sh 20,000 kila moja, yaani Sh 80,000. Jumla ni Sh 320,000 na kamisheni ni Sh 80,000. Hata akiongeza zawadi ya mwenyeji kufikia Sh 18,000, gharama zake zote ni Sh 33,000, na anabakiwa na Sh 47,000.

Mauzo yameongezeka zaidi kidogo ya mara mbili, lakini kilichobaki mfukoni kimekaribia mara nne. Sababu ni kwamba nauli, katalogi na sampuli hazikuongezeka. Kwa maneno mengine, ni afadhali kuboresha hafla moja kuliko kukimbizana na hafla tatu dhaifu, kila moja ikiwa na nauli yake. Katika mfano huu hakuna jambo kubwa lililofanyika: wageni wawili zaidi, wanunuzi wawili zaidi, ongezeko la Sh 5,000 kwa kila oda, na katalogi moja iliyopitishwa ofisini.

Kabla ya siku yenyewe

Kazi kubwa ya hafla hufanyika kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Jambo la kwanza ni kumchagua mwenyeji. Mwenye nyumba kubwa si lazima awe mwenyeji mzuri. Anayefaa ni yule ambaye watu wakiitwa naye wanaitika: katibu wa kikoba au chama, mshonaji mwenye wateja wengi, mwalimu, muuguzi, au mama wa mtaani ambaye kila shughuli yumo.

La pili ni kumweleza mwenyeji atapata nini na kwa kigezo gani. Zawadi iliyotajwa kwa jumla humfanya mwenyeji aone kazi yake ni kufungua mlango na kuchemsha chai. Zawadi inayopanda kulingana na mauzo humfanya apige simu. Mfano, mauzo yakifika Sh 150,000 anapata bidhaa ya Sh 10,000, yakifika Sh 300,000 anapata ya Sh 18,000. Muuzaji apige hesabu mapema ili zawadi isizidi sehemu ya kamisheni anayoweza kuiachia.

La tatu ni kumwachia mwenyeji katalogi mbili au tatu na fomu za oda wiki moja kabla. Wapo watu ambao hawatafika kwa sababu ya zamu za kazi, safari au msiba, lakini wangependa kununua. Oda zao ni za bei nafuu kuliko zote kwa muuzaji, kwa kuwa hazimgharimu nauli wala maji ya kunywa.

La nne ni tarehe. Hafla ya katikati ya mwezi, wakati mishahara imekwisha, huishia kwenye kusifia picha. Siku chache baada ya mishahara ni nzuri zaidi kwa wafanyakazi, na msimu wa mavuno kwa wakulima. Kuelekea Idi na Krismasi watu hutafuta mashuka, mapazia na vyombo, na kabla ya kicheni pati wanatafuta seti za jikoni. Mwezi Januari fedha nyingi huenda kwenye ada na sare za shule. Siku ya mkutano wa chama au kikoba inavutia kwa sababu watu tayari wamekusanyika, lakini ni vizuri kujua kama ni siku ya kuweka fedha au siku ya kugawana. Siku ya kugawana ndiyo yenye wanunuzi.

La tano ni mwaliko. Ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp hausahauliki tu, hausomwi. Mwenyeji ampigie kila mgeni simu siku tatu kabla, na amkumbushe asubuhi ya siku husika. Ni vizuri kuwaalika mara mbili ya idadi inayotakiwa, kwa kuwa nusu wasipofika si ajabu.

Siku ya hafla

Kosa linaloonekana mara nyingi ni la muuzaji kusoma katalogi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wageni huchoka, watoto huanza kulia, na jioni inaingia kabla fomu hazijajazwa. Bidhaa tano au sita zinazoonyeshwa vizuri zinatosha. Nyingine zitaonekana kwenye katalogi.

Kuonyesha maana yake ni kumpa mgeni bidhaa mkononi. Chai ya mwenyeji iwekwe kwenye hotpoti inayouzwa, imiminwe mwishoni ikiwa bado moto. Yai likaangwe kwenye kikaango bila mafuta mbele ya wageni. Shuka lifunguliwe na kutandikwa. Mgeni aliyeshika bidhaa huuliza bei mwenyewe.

Ili kukuza wastani wa oda, bidhaa zipangwe kwa seti. Mtu aliyekuja na nia ya sufuria moja anaweza kuchukua tatu iwapo bei ya seti iko wazi na inaeleweka kuwa nafuu. Seti ziwe za ngazi tatu za bei ili mwenye fedha kidogo naye asitoke mikono mitupu. Bei ziandikwe kwa fedha anayotumia mgeni. Kumtajia mteja wa Arusha bei kwa shilingi za Kenya, kisha kumwachia apige hesabu mwenyewe, ni kumpa sababu ya kuahirisha.

Fomu za oda zigawiwe mwanzoni, si mwishoni, ili mgeni aandike anachokipenda kadiri kinavyoonyeshwa. Kila fomu iwe na jina, namba ya simu, namba ya bidhaa kwenye katalogi, rangi au saizi, bei, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kupokea mzigo. Oda isiyo na namba ya bidhaa ndiyo inayoleta ugomvi mzigo ukifika na shuka la bluu likawa limeagizwa la kijani.

Kabla ya kuondoka, muuzaji atafute wenyeji wawili wa hafla zijazo kutoka miongoni mwa wageni. Huu ndio uhai wa biashara yenyewe. Muuzaji anayetegemea ndugu na rafiki zake humaliza orodha yake baada ya hafla chache. Anayepata wenyeji wapya kila hafla anaingia kwenye mitaa na ofisi ambazo hakuzijua.

Mkopo na thamani ya fedha

Katika mauzo ya nyumbani mteja ni jirani, shoga au wifi, na kumkatalia mkopo ni kazi. Hata hivyo hesabu haina udugu. Kwa kamisheni ya asilimia 25, oda ya Sh 30,000 humletea muuzaji Sh 7,500. Mteja akiipokea na asilipe, muuzaji amepoteza Sh 22,500 alizolipia bidhaa hiyo. Atahitaji oda tatu nyingine za kiasi hicho hicho zilizolipwa kikamilifu ili tu kurudi alipokuwa.

Njia salama ni malipo ya awali. Wauzaji wengi huanza na nusu, na nusu iliyobaki wakati wa kupokea. Lakini nusu haimalizii gharama ya bidhaa inayonunuliwa kwa asilimia 75 ya bei. Kwa bidhaa ambayo haiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, kama vazi la saizi maalumu au shuka lililotariziwa jina, malipo ya awali yafikie angalau gharama ya kununulia. Kwa wanachama wa kikoba, chama kinaweza kumlipia mwanachama wake na kumkata taratibu. Hapo mdai anakuwa chama chenye utaratibu wa kudai, na muuzaji anabaki na biashara yake.

Malipo kwa simu yamerahisisha jambo hili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na tangu mwaka 2015 wateja wa M-Pesa wa nchi hizi mbili wanaweza kutumiana fedha kuvuka mpaka. Faida yake nyingine ni kumbukumbu: ujumbe wa malipo ni ushahidi pale mteja anapodai alishalipa.

Hatari nyingine ni kubadilika kwa thamani ya sarafu kati ya siku ya oda na siku ya kununua. Bidhaa inayouzwa kwa 100 na kununuliwa kwa 75 ina faida ya 25. Sarafu ya nchi inakonunuliwa ikipanda kwa asilimia 5, gharama inakuwa 78.75 na faida inashuka hadi 21.25. Badiliko la asilimia 5 limekula asilimia 15 ya faida. Kwa sababu hiyo, fedha za awali zibadilishwe na mzigo ulipiwe mapema iwezekanavyo, na bei ya katalogi iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mzigo unapofika mpakani

Hapa ndipo wauzaji wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba kila kitu kinachotoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakilipiwi ushuru. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza kutekelezwa Januari 2005, na msamaha wa ushuru unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Sufuria iliyotengenezwa Nairobi na kukidhi kanuni za asili ya bidhaa ina haki hiyo. Manukato yaliyotengenezwa Ulaya na kununuliwa katika duka la Nairobi hayana, hata kama stakabadhi ni ya Nairobi.

Kwa wafanyabiashara wadogo upo utaratibu uliorahisishwa. Shehena yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, yenye bidhaa za asili ya Jumuiya zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, inaweza kupita kwa Cheti Rahisi cha Uasili kinachotolewa mpakani na maofisa wa forodha. Msamaha huo ni wa ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine za ndani zinaweza kutozwa kwa mujibu wa sheria ya nchi mzigo unakokwenda. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo ni asilimia 16 Kenya, na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda.

Kwa bidhaa zisizo na asili ya Jumuiya, Ushuru wa Pamoja wa Forodha una viwango vinne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kiwango cha asilimia 35 kiligusa makundi ambayo wauzaji wa katalogi wanayafahamu vizuri, yakiwemo nguo na vitambaa, bidhaa za ngozi, samani na vyombo vya kauri. Muuzaji aliyepanga bei ya sahani za kauri za kutoka Mashariki ya Mbali bila kuhesabu kiwango hicho atakuta kamisheni yake yote imeishia forodhani.

Baadhi ya wafanyabiashara hugawa shehena kubwa vipande vipande na kuwapa watu tofauti ili kila kipande kionekane kiko chini ya dola 2,000. Huo ni udanganyifu wa forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kukamatwa kwa bidhaa zisizolipiwa ushuru na pia chombo kilichozibeba. Msafirishaji anayekubali boksi bila kuuliza kilichomo anaweka gari lake rehani kwa faida ya mtu mwingine.

Viwango na vitu vilivyopigwa marufuku

Vipodozi ni bidhaa inayopendwa kwenye hafla za nyumbani na ndiyo yenye masharti mengi. Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Kenya kuna KEBS na Uganda kuna UNBS. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika nchi hizi, na boksi moja la krimu hizo linaweza kusababisha mzigo mzima kushikiliwa. Muuzaji asome viambato vilivyoandikwa kwenye kopo kabla ya kuiweka bidhaa kwenye katalogi yake, na aepuke vipodozi visivyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Jambo jingine linaloonekana dogo ni mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Oda zilizofungwa moja moja kwenye mifuko ya rambo zinaweza kumletea msafirishaji faini ambayo haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Oda zifungwe kwenye karatasi ngumu, maboksi au mifuko ya kitambaa.

Nani anayeuza

Swali la uraia limekuwa zito zaidi tangu Julai 2025, Tanzania ilipotoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo biashara za jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia na maduka ya jumla ya bidhaa maalumu kwa wazalishaji wa ndani. Agizo hilo liliweka adhabu kwa mgeni anayekiuka na pia kwa raia anayemsaidia. Muuzaji kutoka Taveta au Namanga upande wa Kenya anayevuka kwenda kufanya hafla Himo au Longido na kukusanya fedha mwenyewe anajiweka hatarini, na mwenyeji wake pia.

Njia iliyo wazi ni Mtanzania kuwa mfanyabiashara kamili: ananunua mzigo kutoka kwa msambazaji wa Kenya, anauingiza kwa jina lake, analipa kinachostahili na kuuza kwa leseni yake. Msambazaji wa Kenya anabaki kuwa muuzaji wa nje anayetoa ankara. Kabla ya kufanya kazi upande wa pili wa mpaka, ni busara kuulizia masharti ya wakati huo katika ofisi ya biashara ya wilaya au kaunti.

Tahadhari nyingine ni upatu wa piramidi unaojificha nyuma ya katalogi. Kenya ilishuhudia watu wengi wakipoteza akiba zao katika miradi ya namna hiyo katikati ya miaka ya 2000, na Tanzania serikali iliusimamisha mradi wa DECI mwaka 2009. Kipimo ni rahisi: fedha zinatoka wapi? Ikiwa kipato kinatokana na mteja anayenunua sufuria ili aipikie, hiyo ni biashara. Ikiwa kinatokana na ada za wanaosajiliwa, na bidhaa zinarundikana uvunguni mwa wanachama wenyewe, mwisho wake unajulikana.

Kazi ya msafirishaji

Kwa msafirishaji, oda za katalogi ni vifurushi vidogo vyenye wamiliki wengi. Vikipokelewa kimoja kimoja ni usumbufu. Vikikusanywa kwa siku maalumu ni kazi ya uhakika ya kila wiki au kila wiki mbili. Wauzaji kadhaa wa mji mmoja wanaweza kukubaliana siku moja ya kufunga oda, mzigo ukasafiri pamoja na gharama ikagawanywa kwa uzito au ujazo.

Kila boksi liwe la hafla moja, na ndani yake vifurushi viwe na majina ya wateja. Juu ya boksi iandikwe namba, jina la mpokeaji na idadi ya maboksi yote, mfano 2 kati ya 5. Msafirishaji awe na ankara ya msambazaji, orodha ya vilivyomo kwa kila boksi, cheti cha uasili pale kinapohusika, na nakala ya kitambulisho cha mwenye mzigo. Bidhaa zenye asili ya Jumuiya zitenganishwe na zisizo nazo. Zikichanganywa kwenye boksi moja, ofisa wa forodha atalazimika kulifungua lote, na foleni ya nyuma haitafurahi.

Vituo vya pamoja vya mpakani kama Holili na Taveta, Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo vimepunguza usumbufu wa kusimama mara mbili, kwa kuwa maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja. Lakini havifuti makosa ya makaratasi. Aidha, njia inaweza kufungwa kwa sababu zisizohusiana na biashara. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Kwa hiyo tarehe anayoahidiwa mteja iwe na siku za ziada. Mteja aliyeahidiwa siku 14 akapokea siku ya 10 atamsifu muuzaji. Aliyeahidiwa siku 7 akapokea siku hiyo hiyo ya 10 atasimulia mtaa mzima.

Siku ya kukabidhi

Siku mzigo unapofika ni nafasi ya pili ya kuuza. Muuzaji akabidhi mbele ya mwenyeji, mteja akague, alipe kilichobaki na kusaini. Bidhaa yenye kasoro ipokelewe papo hapo na irudishwe kwa msambazaji na safari inayofuata, ndiyo maana makubaliano ya kurudisha yaandikwe kabla ya kuagiza. Katalogi mpya ziwe mkononi siku hiyo, kwa kuwa mtu aliyeridhika na alichopokea ndiye mwepesi kuagiza tena.

Mwisho, daftari. Kila hafla iandikwe tarehe, mwenyeji, walioalikwa, waliofika, walionunua, mauzo, gharama, madeni na siku mzigo ulizotumia njiani. Baada ya hafla tano au sita daftari hilo litaonyesha mwenyeji gani analeta wanunuzi, bidhaa gani haiendi, na msafirishaji gani anatimiza ahadi. Muuzaji ambaye wageni wanafika lakini hawanunui ana tatizo la bidhaa au bei. Ambaye wananunua wachache kwa sababu wamefika wachache ana tatizo la mwaliko. Ambaye mauzo ni makubwa lakini mfuko mtupu, aanze kuangalia madeni na karatasi zake za forodha.